Ngiri Baada ya Kuungua: Anza na Ngozi, Si na Wavu

Mgonjwa aliyeungua sehemu kubwa ya mwili, akanusurika, kisha akabaki na ngiri kubwa ya tumbo, yaani matumbo yanayotokeza kupitia uwazi wa misuli, humjia daktari wa upasuaji na swali moja: tumbo langu litarudi lini? Daktari naye, kwa mazoea, hupima upana wa uwazi ulio kati ya misuli na kuanza kufikiria wavu, kile kitambaa maalumu cha kushikilia ukuta wa tumbo, wa ukubwa gani utatosha kuuziba. Kwa mgonjwa huyu, kuanzia hapo ni kuanzia mwisho. Kinachoamua aina ya upasuaji, wakati wake, na hata kama ufanyike au usifanyike, ni ngozi iliyo juu ya ngiri. Misuli inafuata, na wavu unakuja mwisho.

Tuangalie kwanza ngiri hii inakotoka. Wengi hudhani moto wenyewe ndio uliokula ukuta wa tumbo. Hilo hutokea, hasa kwa umeme wa nguvu kubwa unaoua misuli hadi ndani. Lakini iko njia nyingine isiyoonekana kirahisi, nayo ni maji. Mtu akiungua zaidi ya asilimia 20 hadi 30 ya mwili, mishipa midogo ya damu huvuja mwili mzima, hata mahali moto haukugusa. Bila dripu atakufa. Kanuni ya Parkland ya kukokotoa dripu, iliyoanza kutumika miaka ya 1960, hutoa mililita 4 kwa kila kilo kwa kila asilimia iliyoungua. Kwa mtu wa kilo 70 aliyeungua asilimia 40, hiyo ni mililita 11,200 ndani ya saa 24, na nusu yake, yaani 5,600, huingia katika saa 8 za kwanza zinazohesabiwa tangu alipoungua, si tangu alipofikishwa hospitali. Siku hizi mafunzo mengi huanzia mililita 2 kwa mtu mzima, kisha dripu hupandishwa au kushushwa kila saa kwa kufuata mkojo. Lengo ni takriban nusu mililita kwa kilo kwa saa; kwa mtu wetu huyu, kama 35.

Tatizo ni kwamba kupandisha dripu ni rahisi kuliko kuishusha. Mkojo ukifika mililita 100 kwa saa, wapo wanaofurahi, ilhali maji ya ziada yanaendelea kuvujia kwenye matumbo na kuta zake. Jumla ikipita mililita 250 kwa kilo katika saa 24, yaani lita 17.5 kwa mtu wa kilo 70, hatari ya tumbo kujaa shinikizo hupanda sana. Kulipima shinikizo hilo hakuhitaji mitambo mikubwa. Mgonjwa hulazwa chali, mililita 25 za maji ya chumvi safi huingizwa kibofuni kupitia mpira wa mkojo, sifuri ya kipimo huwekwa usawa wa mstari wa katikati ya kwapa, na namba husomwa mwisho wa kutoa pumzi. Kuanzia milimita 12 za zebaki, shinikizo limeshapanda. Likizidi 20 na kubaki huko huku kiungo kingine kikianza kushindwa, mkojo ukikatika au mashine ya kupumulia ikilazimika kusukuma kwa nguvu, tumbo linaviua viungo vyake lenyewe.

Kabla ya kisu kuna ya kufanya: kupunguza dripu, kuutoa uchafu wa tumboni kwa mpira wa puani, kumpa mgonjwa dawa za kutuliza na kulegeza misuli, kuchana gamba gumu la kuungua linalofunga kifua na tumbo kama bati, na kutoa maji yaliyojaa kwa mrija mwembamba. Yasipofaa, tumbo hufunguliwa kuanzia chini ya kidari hadi juu ya kinena. Maisha huokolewa, au hujaribiwa kuokolewa, kwa kuvunja ukuta.

Tumbo lililofunguliwa hivyo kwa mgonjwa wa moto ni gumu kufungwa. Matumbo yamevimba, misuli ya kando inavuta kuelekea ubavuni kila siku, na ngozi inayotakiwa kufunika ndiyo ileile iliyoungua. Nafasi nzuri ya kufunga ni wiki ya kwanza hadi siku ya kumi hivi. Ikipita, matumbo hushikana na kuta na kuwa kama bonge moja. Linalobaki ni kusubiri nyama nyekundu ya kupona iote juu ya utumbo, kisha kupandikiza ngozi nyembamba moja kwa moja juu yake. Madaktari huchagua ngiri kwa makusudi ili mtu aishi. Ni uamuzi sahihi, lakini unaacha deni la kulipwa baadaye.

Na deni hilo linasomeka kwenye ngozi. Ngozi ya kawaida ya tumbo ina mishipa yake: matawi madogo ya damu hutoboa misuli, mengi yake yakiwa kuzunguka kitovu, na kusambaa katika mafuta yaliyo chini ya ngozi. Ndiyo maana daktari anaweza kuinua pande la ngozi hiyo pamoja na mafuta yake nalo likabaki hai. Ngozi iliyopandikizwa haina mpangilio huo. Inaishi kwa kunyonya damu kutoka mahali ilipolazwa, na ukiitenganisha na kitanda chake inakufa. Tena, pale ambapo kuungua kulikuwa kwa kina hadi mafuta yote yakaondolewa, ngozi mpya imelala juu ya utando mgumu wa misuli bila chochote katikati. Hapo hakuna tabaka la kupitishia mkono, wala mahali pa kuficha wavu.

Hapo ndipo njia inayojulikana zaidi inapokwama. Mwaka 1990 Oscar Ramirez na wenzake walieleza namna ya kutenganisha tabaka za misuli ya tumbo kwa mbele: unaukata utando wa msuli wa nje wa kando, sentimita 1 hadi 2 nje ya ukingo wa msuli mnyoofu, ule unaoshuka kando ya kitovu kila upande, na misuli ya katikati inasogea. Kila upande unaweza kusogea hadi sentimita 5 juu ya kitovu, 10 usawa wa kiuno na 3 chini. Namba hizo zinavutia. Lakini ili kufika pale pa kukata, lazima uinue ngozi yote ya mbele hadi ubavuni, na njiani unakata ile mishipa ya kitovu. Hata kwa mgonjwa ambaye hajaungua, kingo za ngozi hiyo hufa mara kwa mara. Kwa mwenye kovu la moto au ngozi ya kupandikizwa, kufanya hivyo ni kuomba kidonda kikubwa juu ya ukarabati mpya.

Njia ya nyuma, ambayo Yuri Novitsky na wenzake waliieleza mwaka 2012, inafanya kazi yote chini ya misuli. Ngozi ya mbele haiguswi isipokuwa katikati. Wavu unakaa nyuma ya msuli mnyoofu, ukiwa na nyama hai kati yake na ngozi, kwa hiyo hata ngozi ikifunguka kidogo wavu haupo uchi. Kwa maoni yangu, kwa mgonjwa wa moto mwenye misuli ya kutosha hii ndiyo njia ya kwanza kufikiriwa, na atakayechagua ya mbele awe na sababu anayoweza kuisema kwa sentensi moja.

Kabla ya kuchagua lolote, ichorwe ramani. Mgonjwa asimame, kisha alale, na daktari atie alama za kalamu: hapa ngozi haijaungua, hapa iliungua ikapona yenyewe, hapa ilitolewa ngozi ya kupandikiza, hapa imepandikizwa juu ya mafuta, hapa juu ya misuli, hapa juu ya utumbo. Ni kazi ya dakika kumi. Picha za CT scan zinaonyesha misuli na ukubwa wa mfuko wa ngiri vizuri sana, lakini haziwezi kukwambia ngozi ipi itanusurika ikiinuliwa.

Wakati nao unasomwa kwa vidole. Shika ngozi iliyo juu ya utumbo kati ya kidole gumba na cha shahada, uinue. Katika miezi ya mwanzo haiinuki: unahisi utumbo unakuja nayo, ngozi ni nyekundu, ngumu, inang'aa. Baadaye, kwa kawaida kati ya miezi 6 na 12 baada ya kupandikizwa, inaanza kukunjika na kuteleza juu ya kilicho chini, kama kitambaa chepesi juu ya meza. Maana yake mwili umetengeneza tabaka jembamba kati ya ngozi na utumbo, na daktari anaweza kupita hapo. Anayeingia kabla ya hapo ataichana mirija ya utumbo, na utumbo ukitoboka mpango wote unabadilika.

Lakini hapa mambo mawili yanavutana. Ngiri inataka uharakishe: kadiri miezi inavyopita baada ya mwaka, misuli inazidi kujikunja ubavuni, na matumbo yanazoea kuishi nje hadi nafasi ya ndani inakuwa ndogo. Kovu la moto linataka usubiri, kwa sababu kovu nene huchukua miezi 12 hadi 18 au zaidi kulainika. Na mwili wenyewe, baada ya kuungua zaidi ya asilimia 40, unaweza kuendelea kuchoma misuli yake kwa kasi isiyo ya kawaida hadi mwaka wa pili au wa tatu. Sioni kama upo mwezi mmoja sahihi kwa wote. Nafikiri ngozi ya juu ya utumbo na hali ya lishe zipewe kura kubwa kuliko kalenda: ikiteleza, na mgonjwa akawa ameanza kuongeza uzito wa misuli, hakuna sababu ya kusubiri kovu la kifuani au mikononi lilainike.

Miezi ya kusubiri isiwe ya kukaa tu. Protini gramu 1.5 hadi 2 kwa kilo kwa siku, mazoezi ya kutembea na ya pumzi, sukari kudhibitiwa, sigara kuachwa angalau wiki 4 kabla. Mgonjwa aliyevuta moshi siku ya ajali apimwe mapafu mapema, kwa sababu kurudisha matumbo ndani kunakisukuma kiwambo cha kupumulia juu na kumnyima nafasi ya kupumua. Vidonda vidogo visivyofunga vipimwe bakteria. Wagonjwa waliolazwa muda mrefu kwa kuungua mara nyingi hubeba bakteria sugu, na dawa ya kinga siku ya upasuaji ichaguliwe kwa kufuata majibu hayo, si kwa mazoea.

Kwa uwazi mpana, sindano za sumu ya botulinamu kwenye misuli ya kando husaidia sana. Jumla ni uniti 200 hadi 300, zikigawanywa pointi tatu kila upande kati ya mbavu na mfupa wa nyonga, zikiongozwa na ultrasaundi ili dawa ifike kwenye tabaka zilizokusudiwa. Hutolewa kama wiki 4 kabla ya upasuaji. Misuli hulegea, hurefuka, na kubaki hivyo miezi mitatu hivi, muda unaotosha mshono kushika bila kuvutwa. Zingatia tu mwenye mapafu dhaifu, kwa maana misuli hiyohiyo ndiyo ya kukoholea. Njia ya zamani ya kujaza hewa tumboni kidogokidogo, iliyoanzishwa na Goñi Moreno wa Argentina miaka ya 1940, bado ina nafasi yake, ila kwa mgonjwa wa moto ninaiogopa: hewa hutanua kwanza palipo dhaifu, na palipo dhaifu ni ile ngozi nyembamba iliyo juu ya utumbo. Ikifanywa, mkanda wa tumbo usivuliwe, na ngozi ikaguliwe kila siku.

Ngozi yenyewe ikiwa haitoshi, hutanuliwa. Puto la silikoni huwekwa chini ya ngozi nzima ya ubavuni, huachwa wiki 2 hadi 3 mkato upone, kisha hujazwa maji ya chumvi kila wiki kwa wiki 6 hadi 12. Kila mara anayejaza aangalie rangi ya ngozi: ikipauka na isirudi haraka, au mgonjwa akilalamika maumivu makali, atoe kidogo. Puto huharibikia pale mkato ulipopita kwenye kovu, au lilipowekwa chini ya ngozi iliyoungua. Hufunguka, huingia uchafu, hutolewa, na miezi mitatu inapotea. Ndiyo maana ramani huja kabla ya puto.

Mtaalamu wa usingizi aitwe wiki kadhaa kabla, si asubuhi ya upasuaji. Shingo iliyokakamaa kwa kovu na mdomo usiofunguka vizuri huhitaji mpango wa kuingiza mpira wa hewa mgonjwa akiwa macho. Saksametoniamu, dawa ya kulegeza misuli wakati wa usingizi, iepukwe: kuanzia siku ya pili baada ya kuungua na kwa miezi mingi baadaye inaweza kupandisha potasiamu hadi moyo usimame. Dawa nyingine za kulegeza misuli nazo huweza kuhitajika kwa kipimo kikubwa kuliko kawaida.

Sasa chumba cha upasuaji. Sehemu ya hatari kuliko zote si kutenganisha misuli, ni kuivua ngozi juu ya utumbo. Mkato huanzia ukingoni, pale ngozi iliyopandikizwa inapokutana na ngozi nzima, kwa sababu chini ya ukingo huo kuna utando wa misuli na si mrija wa utumbo. Daktari huinua ukingo kwa koleo na kukata kwa kisu chenye makali, kidogo kidogo, akibaki karibu na ngozi. Kifaa cha umeme cha kukatia kiwekwe kando hapa, maana moto wake husafiri na kutoboa utumbo siku tano baadaye, wakati mgonjwa yuko wodini. Akifika mahali ngozi imeshikana na utumbo kabisa, asishindane nayo. Akiache kipande hicho juu ya utumbo na kukwangua tabaka la juu tu la ngozi kwa ncha ya kisu hadi vitone vidogo vya damu vitokee. Vipande kimoja au viwili vya ukubwa wa sarafu vya ngozi iliyokwanguliwa hivyo vinaweza kubaki ndani bila madhara. Tundu la utumbo halivumiliki hivyo.

Baada ya hapo utando wa nyuma wa msuli mnyoofu hukatwa nusu hadi sentimita moja kutoka ukingo wake wa ndani, na nafasi hufunguliwa kwenda kando hadi vishada vya neva na mishipa vionekane vikiingia kwenye msuli. Vishada hivyo ni alama ya kusimama. Mkato unaofuata, wa kuuachilia msuli wa ndani kabisa unaolala kwa upana, hupita ndani ya vishada, yaani upande wa katikati, na ni rahisi kuanzia sehemu ya juu ya tumbo ambako nyama ya msuli huo inafika karibu na katikati. Atakayepita nje ya vishada atakata mstari unaoshikilia misuli ya kando, na kutengeneza ngiri mpya ubavuni iliyo mbaya kuliko ya kwanza. Katika upasuaji huu hakuna kosa la kiufundi gumu kurekebisha kuliko hilo.

Tabaka la nyuma hushonwa kwa uzi unaoyeyuka, na kila tundu huzibwa; tundu lililosahaulika humeza kipande cha utumbo na kukiziba ndani ya siku chache. Wavu wa polipropilini wenye matundu makubwa hutandazwa juu yake, ukipita ukingo wa uwazi kwa angalau sentimita 5 kila upande. Kwa ngiri hizi mara nyingi ni kipande cha sentimita 30 kwa 30. Mirija miwili ya kunyonya huachwa juu ya wavu, kisha misuli huletwa pamoja mbele. Kuhusu wavu wa kibaolojia, unaouzwa ghali kwa ahadi ya kuvumilia uchafu: jaribio la Marekani lililochapishwa 2022, kwa wagonjwa wa ngiri zenye hatari ya maambukizi ambao hawakuchaguliwa kwa kuungua, lilionyesha baada ya miaka 2 ngiri kurudi kwa takriban asilimia 20 ya waliowekewa wa kibaolojia na chini ya 6 ya waliowekewa wa kawaida. Ila utumbo ukitoboka na uchafu ukamwagika, mimi ningerekebisha utumbo na kuahirisha wavu wa kudumu.

Misuli isipokutana, usilazimishe. Wakati wa kuvuta, mtaalamu wa usingizi asome shinikizo la kupumzika la njia ya hewa, yaani lile la mapafuni mashine ikisimama kidogo baada ya kuingiza pumzi, kabla na baada. Likipanda kwa sentimita 6 za maji au zaidi, mgonjwa abaki kwenye mashine ya kupumulia hadi kesho yake. Likipanda karibu 10, mshono ulegezwe. Itakuwa aibu kubwa kumrudishia mgonjwa shinikizo lilelile lililolazimisha tumbo kufunguliwa mara ya kwanza. Wavu unaoziba pengo bila misuli kukutana juu yake hurudisha ngiri mara nyingi zaidi, lakini ni bora kuliko figo zilizokufa. Ngozi ikikosekana juu ya wavu huo, pande la paja pamoja na mishipa yake huweza kugeuzwa kufunika. Paja lililotolewa ngozi nyembamba ya kupandikiza bado linafaa, kwa kuwa mishipa ya chini haikuguswa. Lililoungua kwa kina halifai, na mishipa ipimwe kwa kifaa cha dopla, kinachosikiliza mtiririko wa damu, kabla ya kuahidi.

Wodini, shinikizo la kibofu lipimwe kila saa 4 hadi 6 kwa siku mbili za kwanza, mgonjwa ainuliwe kitandani kesho yake, mirija itolewe inapotoa chini ya mililita 30 kwa siku. Mkanda wa tumbo kwa mgonjwa huyu uwekewe pamba laini chini yake na kufunguliwa kila zamu ya wauguzi: ngozi ya kupandikizwa haina hisia kamili, haitamwambia kwamba inachubuka. Vazi la kubana makovu lipimwe upya, kwa maana umbo la tumbo limebadilika na la zamani litakandamiza mahali pasipo pake. Kunyanyua vizito kusubiri wiki 6 hadi 8.

Na wapo ambao hawapaswi kupasuliwa. Mwenye mapafu yaliyobaki nusu, au ngozi iliyopandikizwa tumbo zima bila ubavu mzima wa kutanua, au ngiri pana isiyobana utumbo wala kumuuma, anaweza kuishi miaka mingi kwa mkanda ulioshonwa kwa vipimo vyake, mafuta ya kulainisha ngozi kila siku, na mtu wa kumwona mara tu kidonda kitakapotokea juu ya utumbo. Aambiwe hivyo wazi, kwa sababu zilizochorwa kwenye ngozi yake mwenyewe, badala ya kupewa tarehe inayosogezwa kila kliniki.